Askari Asiye Vitani: Watu wa Silaha wa Bagamoyo Wakati wa Amani, kwa Kulinganishwa na Samurai wa Japani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maisha na majukumu ya watu wa silaha katika pwani ya Bagamoyo nyakati ambazo hapakuwa na vita, kuanzia zama za Mabulushi wa Sultani wa Zanzibar hadi baada ya Uhuru. Samurai wa Japani wa zama za Tokugawa (1603–1868) wanatumiwa kama kipimo cha ulinganisho. Hoja kuu ni kwamba amani haimwondolei askari kazi bali huigeuza: askari huacha kumwelekea adui wa nje na kuanza kumwelekea raia. Sura ya mgeuko huo hutegemea ni nani anayemlisha askari, na kwa utaratibu gani. Ushahidi unatolewa katika historia na katika msamiati wa Kiswahili, hususan maneno askari, jemadari, akida, afande, serikali na mgambo.

1.0 Utangulizi

Historia ya watu wa silaha katika pwani ya Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kama historia ya vita. Wasomaji wanaifahamu vita ya Abushiri bin Salim ya 1888–1889, upinzani wa Bwana Heri wa Saadani, vita vya Maji Maji vya 1905–1907 na Vita Kuu ya Kwanza ya 1914–1918. Jambo moja, hata hivyo, hupewa nafasi ndogo. Askari wengi katika historia walitumia sehemu kubwa ya maisha yao bila kupigana. Walilala, walikula, walioa, walikopa na walikopesha. Walikaa malangoni, walisindikiza mizigo, na walihesabu kodi. Kipindi hicho kirefu cha kutopigana ndicho kilichowajenga machoni pa watu waliokaa nao.

Nchini Japani suala hili limechunguzwa kwa kina, kwa sababu tabaka zima la wapiganaji, yaani samurai, lilijikuta katika amani iliyodumu zaidi ya karne mbili. Swali lililowakabili Wajapani lilikuwa wazi: mtu aliyezaliwa kwa ajili ya upanga afanye nini upanga ukibaki alani? Swali hilo hilo linaweza kuulizwa kuhusu Bagamoyo na bara yake, yaani nchi inayoanzia ufukweni na kupita Msata, Lugoba na Chalinze hadi Mto Wami. Jibu lake si sawa na la Japani, na tofauti hiyo ndiyo yenye mafunzo.

Ni vyema kutahadhari mapema. Samurai walikuwa tabaka la kurithi lenye sheria na maandishi yake. Watu wa silaha wa Bagamoyo hawakuwa tabaka moja: walibadilika kwa kadiri watawala walivyobadilika, na wengi wao hawakuacha maandishi. Ulinganisho unaofanywa hapa, basi, haudai kuwa hao wawili ni kitu kimoja. Unachukua hali moja, ya mpiganaji asiye na vita, na kuitazama katika jamii mbili ambazo hazikuwahi kuathiriana.

2.0 Samurai katika Amani ya Tokugawa

2.1 Kutoka shambani hadi mjini

Kabla ya karne ya 17 samurai wengi waliishi vijijini, wakimiliki au kusimamia ardhi. Mabadiliko yalianza chini ya Toyotomi Hideyoshi. Mwaka 1588 aliamuru wakulima wanyang'anywe silaha, na mwaka 1591 akaweka mpaka kati ya mpiganaji na mkulima, hata mtu asiweze kuhama kutoka kundi moja hadi jingine. Ushindi wa Tokugawa Ieyasu huko Sekigahara mwaka 1600, kupata kwake cheo cha shoguni mwaka 1603, na kuanguka kwa ngome ya Osaka mwaka 1615 vilikamilisha kazi. Baada ya maasi ya Shimabara ya 1637–1638, vita vikubwa vya ndani havikuonekana tena kwa zaidi ya miaka 200.

Samurai walihamishiwa katika miji iliyozunguka ngome za mabwana wao, yaani daimyo. Wengi wao hawakuishi tena moja kwa moja kwa mazao ya ardhi yao bali kwa posho ya mpunga. Posho hiyo ilipimwa kwa koku, kipimo cha kilo 150 hivi za mchele, ambacho kilichukuliwa kuwa kinatosha kumlisha mtu mmoja kwa mwaka. Pamoja na familia zao, inakadiriwa kwamba samurai walikuwa kati ya asilimia 5 na 7 ya watu wote.

2.2 Kazi za kalamu

Mabwana walikuwa na idadi kubwa ya watu wa kulisha na kazi chache za vita za kuwapa. Ufumbuzi ulikuwa kuwageuza kuwa watumishi wa utawala. Samurai waliandika daftari za kodi, walisimamia maghala, walilinda malango, walisikiliza kesi na kusimamia polisi wa miji. Kanuni za nyumba za kijeshi za mwaka 1615 ziliwataka wajizoeze silaha na elimu kwa pamoja. Mwanafalsafa Yamaga Sokō (1622–1685) alijaribu kueleza kwa nini mtu asiyelima, asiyefua chuma na asiyefanya biashara astahili kulishwa. Jibu lake lilikuwa kwamba kazi ya samurai wakati wa amani ni kuwa kielelezo cha maadili kwa wengine.

Ufafanuzi huo unapatana na asili ya neno lenyewe. Neno samurai linatokana na kitenzi cha Kijapani cha kale, saburau, chenye maana ya kuhudumia au kumkaa karibu mkubwa. Kabla ya kuwa mpiganaji, samurai kwa asili ya jina lake alikuwa mtumishi. Amani ilimrudisha katika maana aliyotoka nayo.

2.3 Umaskini wenye panga mbili

Hali hii haikuwa nyepesi. Daimyo walilazimishwa, kwa sheria iliyorasimishwa mwaka 1635, kuishi kwa zamu katika jiji la Edo, na gharama za misafara ya kwenda na kurudi zilikuwa kubwa. Mabwana walikopa kwa wafanyabiashara wa mpunga wa Osaka, na posho za samurai zilipunguzwa mara kwa mara. Samurai wa daraja la chini walifanya kazi za mkono nyumbani, kama vile kutengeneza miavuli, huku wakiendelea kuvaa panga mbili zilizokuwa alama ya hadhi yao. Waliopoteza mabwana wao waliitwa ronini, na walitazamwa na serikali kama hatari kwa utulivu. Mapigano yenyewe yakawa mchezo na nidhamu: katika karne ya 18 mafunzo ya upanga yalizidi kufanywa kwa panga za mianzi.

Mwisho wa tabaka hilo ulikuja kwa amri za serikali mpya ya Meiji baada ya 1868. Jeshi la kuandikishwa kwa lazima lilianzishwa mwaka 1873. Mwaka 1876 posho zilikomeshwa na kuvaa panga hadharani kukapigwa marufuku. Maasi ya Satsuma ya 1877 yalikuwa jaribio la mwisho la kupinga, na yalizimwa na jeshi ambalo askari wake wengi walikuwa watoto wa wakulima.

Mambo matatu yanapaswa kukumbukwa katika kesi hii: samurai alitenganishwa na ardhi, alilishwa na bwana kwa posho iliyojulikana, na alipewa kalamu. Kwa mambo hayo matatu Bagamoyo inaweza kupimwa.

3.0 Jemadari na Mabulushi wa Bagamoyo

3.1 Walinzi wa forodha

Seyyid Said, aliyetawala Omani na Zanzibar hadi kufa kwake mwaka 1856, pamoja na warithi wake, waliwategemea sana Mabulushi, yaani watu wenye asili ya Baluchistan, kwa kazi za silaha. Vikosi vidogo viliwekwa katika miji ya Mrima. Kikosi kimoja kilikaa Kaole, na baadaye, Bagamoyo ilipokua na kuwa kituo kikuu cha misafara ya bara, uzito wa mamlaka ulihamia huko. Mkuu wa kikosi aliitwa jemadari.

Kazi yao ya kila siku haikuwa vita. Sultani hakuitawala bara kwa namna ya dola ya kisasa. Alichohitaji pwani ni ushuru. Forodha ilikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, kwa miaka mingi nyumba ya Jairam Shivji, na Mabulushi walikuwapo ili pembe za ndovu zipite mahali zinapohesabiwa. Walilinda pia mji dhidi ya mashambulizi kutoka bara, na walisindikiza wageni wa Sultani. Richard Burton na John Speke walipoondoka Kaole katikati ya mwaka 1857, walipewa walinzi wa Kibulushi chini ya jemadari wao. Maelezo ya Burton kuhusu walinzi hao yamejaa dharau na yanapaswa kusomwa kwa tahadhari, lakini yanaonyesha jambo moja waziwazi: mtu aliyekaa miaka mingi katika kambi ya pwani hakujiona tena kuwa mpiganaji kabla ya mambo mengine. Alikuwa na mke, deni, mdeni, na mzigo wake mwenyewe wa biashara.

3.2 Mshahara na biashara

Hapa ndipo tofauti na Japani inapojitokeza. Samurai alikatazwa kwa sheria na kwa desturi kujishughulisha na biashara. Mbulushi wa Bagamoyo hakukatazwa. Ujira wake ulikuwa mdogo, na hapakuwa na daftari la ukoo wala posho ya kurithi iliyomhakikishia mtoto wake chakula. Kwa hiyo aliifuata fursa iliyokuwa mlangoni pake. Wengine waliingia katika biashara ya misafara, wengine walikopesha fedha, na wengine walihamia bara moja kwa moja na kujenga huko. Wakati samurai alikuwa mdaiwa wa mfanyabiashara, baadhi ya Mabulushi walikuwa wafanyabiashara wenyewe. Askari wa Sultani hakuyeyuka katika ofisi bali katika soko na katika ndoa, na vizazi vyake vilikuwa sehemu ya jamii ya Waswahili wa pwani.

3.3 Vyeo vya wenyeji

Mabulushi hawakuwa peke yao. Mji ulikuwa na wakuu wake wenyewe, madiwani na majumbe, waliokuwa na mapatano ya muda mrefu na Wazaramo wa bara. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa Bagamoyo, ameeleza desturi za watu hawa katika kazi iliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli. Kati ya vyeo vya kiungwana vya pwani kilikuwapo cheo cha amiri. Neno hilo kwa asili ya Kiarabu lina maana ya mwenye kuamrisha, na katika mazingira ya vita ni kamanda. Katika maisha ya mji lilikuwa cheo cha heshima, kilichofikiwa kwa karamu na ada, na kilichompa mwenye nacho mahali pa kukaa barazani. Silaha ilikuwa imebaki katika neno tu.

3.4 Jeshi jipya la Sultani

Mwaka 1877 Sultani Barghash alianza kuunda kikosi kipya cha Waafrika waliofunzwa kwa utaratibu wa Kizungu chini ya Lloyd Mathews, ofisa wa jeshi la maji la Uingereza. Maisha ya Mathews mwenyewe yanafuata njia ya samurai: aliyeanza kama mkufunzi wa gwaride alifikia, mwaka 1891, kuwa Waziri wa Kwanza wa serikali ya Zanzibar. Cheo cha kijeshi kilikuwa ngazi ya kupandia ofisini. Mabadiliko yatakayowafika wenyeji wa Bagamoyo, hata hivyo, yalikuwa ya namna nyingine.

4.0 Askari wa Wajerumani: Amani ya Nani?

4.1 Ronini kutoka Misri

Kampuni ya Kijerumani ilipoanza kushika utawala wa pwani katika Agosti 1888, watu wa miji ya pwani waliipinga kwa silaha. Serikali ya Ujerumani ilimtuma Hermann von Wissmann, aliyefika mwaka 1889 na kikosi ambacho sehemu yake kubwa ilikuwa Wasudani walioandikishwa Cairo. Watu hao walikuwa wametumikia jeshi la Misri. Baada ya harakati za Mahdi na kuanguka kwa Khartoum mwaka 1885, Misri iliondoka Sudani, na askari wengi wakabaki bila kazi na bila nchi ya kurudi. Kwa istilahi ya Kijapani, walikuwa ronini: walijua silaha na hawakuwa na bwana. Kwao, Bagamoyo haikuwa kituo cha vita tu. Walikuwa wanatafuta makazi, na wengi wao walikuja na wake na watoto.

Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na Bwana Heri akasalimu amri mwaka 1890. Mwaka 1891 kikosi cha Wissmann kilifanywa jeshi rasmi la koloni, na makao makuu ya utawala, ambayo yalikuwa Bagamoyo, yakahamishiwa Dar es Salaam.

4.2 Kijiji cha askari

Baada ya hapo, kwa upande wa pwani, "amani" ilianza. Askari waliishi karibu na boma katika vijiji vyao, pamoja na wake, jamaa na watumishi. Mwanahistoria Michelle Moyd, katika kazi yake ya mwaka 2014, ameonyesha kwamba askari hao walitafuta heshima ya ukubwa: nyumba yenye watu wengi, mali, na sauti mbele ya wengine. Mshahara wao wa fedha taslimu, katika nchi ambamo fedha ilikuwa adimu, uliwawezesha kulifikia lengo hilo.

Kazi zao za wakati wa amani zilikuwa kusindikiza barua na misafara, kulinda wafungwa, kusimamia ujenzi wa barabara, kutekeleza adhabu ya viboko, na kukusanya kodi. Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, ndiyo iliyomfikisha askari katika ua wa mtu wa kawaida. Kabla ya hapo mkulima wa ndani ya Bagamoyo angeweza kumwona Mbulushi siku ya kushuka sokoni na kumsahau. Sasa askari alimjia yeye, akiwa na bunduki na hesabu.

Samurai naye alikusanya kodi, na wakulima wa Japani waliasi mara nyingi kwa sababu hiyo. Tofauti iko mahali pengine. Samurai alitekeleza madai ya bwana ambaye mamlaka yake yalikuwa na mizizi katika nchi hiyo, na alifungwa na kanuni alizozisoma mwenyewe. Askari wa koloni alitekeleza madai ya mgeni, kwa kanuni zilizoandikwa kwa lugha asiyoisoma. Hakupewa kalamu. Kalamu alipewa mtu mwingine.

4.3 Akida

Mtu huyo ni akida. Kwa asili ya Kiarabu, akida ni kiongozi wa watu wa vita, na katika pwani neno lilitumika kwa maana hiyo. Wajerumani walilichukua na kulifanya cheo cha utawala wa kiraia: akida alisimamia majumbe wa vijiji kadhaa, alisikiliza mashauri madogo na alisimamia kodi. Maakida wengi walikuwa Waswahili wa pwani wenye kujua kusoma na kuandika, waliopelekwa kutawala watu ambao si wao. Baadhi ya askari waliomaliza utumishi pia waliingia katika kazi za namna hiyo.

Hivyo, kile ambacho Japani ilikiunganisha katika mtu mmoja, upanga na kalamu, utawala wa Kijerumani ulikigawa kwa watu wawili, askari na akida, na kuwaweka wote wawili chini ya afisa Mzungu. Hasira za watu mwaka 1905 ziliwalenga wote wawili. Katika milima ya Umatumbi, ambako Maji Maji ilianzia, akida wa Kibata alikuwa miongoni mwa walioshambuliwa mwanzoni kabisa. Waingereza walipoweka utawala wa kupitia wakuu wa kienyeji kwa sheria ya mwaka 1926, walikusudia pamoja na mengine kuachana na mfumo wa maakida. Neno lilibaki katika kumbukumbu, likiwa limepoteza vita na kupata kodi.

5.0 Ushahidi wa Msamiati

Watu walioishi pamoja na askari hawakuandika vitabu vingi juu yake, lakini walimpa majina, na majina hayo yamehifadhi walichokiona.

5.1 Askari

Neno hili limetoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu jeshi. Katika Kiswahili cha leo upeo wake ni mpana mno. Kuna askari polisi, askari magereza, askari kanzu, askari wa usalama barabarani, askari wa wanyamapori na askari wa mgambo. Anayetaka kumtaja mtu wa jeshi bila utata husema mwanajeshi. Kisarufi, neno liko katika umbo la ngeli ya 9/10 lakini hupatanishwa kwa viumbe hai: askari huyu, askari hawa.

Upanuzi huu wa maana si wa nasibu. Katika vipindi vyote vilivyoelezwa, mtu yule yule, au jengo lile lile, lilibeba kazi za jeshi, polisi na gereza. Ngome Kongwe ya Bagamoyo ni mfano wa mawe: ilianza kama nyumba ya Mwarabu tajiri, ikafanywa ngome ya Sultani, ikapita mikononi mwa Wajerumani, na baadaye ikatumika kama gereza na kituo cha polisi. Neno lilifuata jengo. Katika dola ya Kituruki ya Osmani, neno hilo hilo lilitumika kwa tabaka zima la watumishi wa dola wasiolipa kodi, wakiwamo makadhi na makarani. Jamii mbili zisizohusiana moja kwa moja zilifikia hitimisho linalofanana: askari ni yule anayesimama upande wa dola, avute bunduki au asivute.

5.2 Afande

Vyeo vya askari wa Wajerumani vilichukuliwa kwa sehemu kutoka jeshi la Misri: ombasha, shaushi, sol na effendi. Vitatu vya kwanza vimetoweka katika matumizi ya kawaida, na nafasi yake kuchukuliwa na koplo, sajini na vinginevyo vya Kiingereza. Effendi, neno la Kituruki lenye maana ya bwana, limebaki kama afande, na maana yake imepanuka badala ya kufinyika. Zamani lilikuwa cheo cha juu ambacho askari Mwafrika angeweza kukifikia. Leo ni neno la kumwitia mkubwa jeshini, na raia hulitumia kwa askari yeyote aliyevaa sare. Mwenye gari aliyesimamishwa penye makutano ya Chalinze, ambapo barabara ya Tanga na Moshi inaachana na ile ya Morogoro, husema "afande" kabla hajauliza kosa lake. Kilichobaki katika neno ni ule umbali kati ya mwenye sare na asiye nayo.

5.3 Serikali

Neno serikali lina asili ya Kiajemi, na lilimaanisha mkuu wa kazi au mamlaka. Katika Kiswahili limebaki na maana ya utawala. Lakini lilipoingia katika Kinyarwanda kutokana na Kiswahili, lilizaa umusirikare, na maana yake ni askari. Wasikilizaji wa neno hilo walilipa maana kwa kile walichokiona likitajwa: palipofika serikali, aliyefika alikuwa mtu mwenye bunduki.

5.4 Jemadari na mgambo

Maneno mawili yameelekea pande tofauti. Jemadari, ambaye Bagamoyo alikuwa mkuu wa kikosi kidogo cha kukaa forodhani, amepandishwa hadhi na lugha. Leo ni kamanda mkuu, na hutumiwa kwa sifa kwa viongozi wa nchi. Mgambo nalo, katika methali "Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo", ni mwito wa hadhara unaowakusanya watu wote. Baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 kutaka wananchi wafunzwe ulinzi, neno hilo lilikuwa jina la jeshi la wananchi wa kawaida. Kwa matumizi ya mijini, mgambo amekuja kuwa yule anayewaondoa wachuuzi barabarani. Mwito wa watu wote umekuwa mtu mmoja anayewafukuza baadhi yao.

5.5 Vita vya ngoma

Si kila mgeuko ulikuwa wa mamlaka. Katika vikundi vya beni, vilivyoenea katika miji ya pwani tangu miaka ya 1890 na kuchunguzwa kwa kina na Terence Ranger (1975), vijana walivaa sare, walijipa vyeo vya kijeshi na kuandamana kwa gwaride. Adui alikuwa kundi la ngoma la upande wa pili, Marini dhidi ya Arinoti. Kama panga za mianzi za Japani, beni ilihifadhi umbo la vita na kuondoa kifo. Tofauti ni kwamba panga za mianzi zilikuwa za samurai mwenyewe, ilhali beni ilikuwa ya watu wa mji, ambao kwa mchezo waliuchukua ukubwa walionyimwa.

6.0 Baada ya Uhuru

Jeshi lililorithiwa mwaka 1961 lilitokana na jeshi la kikoloni la Waingereza, King's African Rifles, ambalo jina lake la mkato liliingia katika Kiswahili kama keya. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, wakidai mishahara na maafisa Waafrika. Jeshi hilo lilivunjwa, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania likaundwa Septemba 1964. Jina lenyewe ni tamko la nadharia: lilikusudia kufuta ule umbali uliobaki katika neno afande.

Jibu jingine kwa swali la askari asiye vitani lilikuwa limekwisha kutolewa. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, liliwaweka vijana katika kambi, Ruvu ikiwa mojawapo katika Mkoa wa Pwani, wakifunzwa gwaride na kulima kwa pamoja. Utumishi wa lazima kwa wahitimu, uliowekwa mwaka 1966, ulisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Hapa njia ya Japani imegeuzwa kabisa. Hideyoshi alimtoa mpiganaji shambani na kumnyang'anya mkulima upanga. Tanzania ilimrudisha mwenye bunduki shambani, na kumpa msomi jembe na bunduki kwa wakati mmoja. Aidha, Katiba inalifanya jukumu la kuunda majeshi kuwa la Serikali peke yake, na inawakataza wanajeshi kujiunga na vyama vya siasa. Kwa vifungu hivyo nchi inakiri kwamba askari wa wakati wa amani ni nguvu inayohitaji kuwekewa mipaka hata pasipokuwa na adui.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mpiganaji asiye vitani hapotei. Japani ilimlisha kwa posho, ikamfunga kwa kanuni na kumpa kalamu, akawa karani aliyevaa panga. Sultani wa Zanzibar alimlisha kidogo na kumwacha huru, akawa mfanyabiashara na jirani. Utawala wa Kijerumani ulimlisha vizuri na kumtuma kwa raia, akawa sura ya serikali yenyewe. Katika hali tatu hizo, aliyekuwa salama zaidi kwa mkulima hakuwa yule mwenye maadili yaliyoandikwa vizuri, bali yule ambaye chakula chake hakikutegemea kuingia katika ua wa mkulima.

Kiswahili kimeyahifadhi mapito hayo kwa uaminifu kuliko nyaraka nyingi. Kazi inayobaki ni ya uwandani. Katika Bagamoyo, Saadani, Miono na Lugoba wapo wazee wanaokumbuka namna wazazi wao walivyomwita askari, akida na mtoza kodi, na maneno waliyoyatumia wakati mwenye sare alipokuwa hayupo kusikia. Maneno ya namna hiyo hayamo katika kamusi. Yakikusanywa mapema, yataonyesha upande wa amani ambao mwenye bunduki hakuwa na sababu ya kuusimulia.